Kisomaji cha alama za vidole cha ThinkPad T480 hakitambuliwi na Ubuntu: je, nitumie draiva isiyo rasmi?

Mhasibu_Moro ameuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninatunza hesabu za duka la familia la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na kwa kazi hiyo ninatumia kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T480 iliyotumika, ambayo niliinunua Dar es Salaam ikiwa na Windows, nikaifuta yote na kuweka Ubuntu 22.04, ambao ni mfumo wa Linux. Vitu vyote vilikubali tangu siku ya kwanza: Wi-Fi, sauti, kamera, hata printa ya risiti. Kimoja tu ndicho kimenishinda, nacho ni kile kisomaji cha alama za vidole kilichopo upande wa kulia wa padi ya kugusa.

Naomba nieleze kwa nini nakihitaji, msije mkadhani kwamba ni anasa. Meza yangu ndiyo kaunta yenyewe. Mteja anayesubiri kuhesabiwa misumari huegemea pale pale, na macho yake huwa juu ya kibodi yangu. Nimeipangia kompyuta ijifunge kila baada ya dakika 5, kwa hiyo siku yenye wateja wengi ninaandika nenosiri mara 30 au zaidi mbele ya watu. Mwezi uliopita kijana anayetusaidia kupakia saruji alinitajia nenosiri langu herufi kwa herufi, bila nia yoyote mbaya, kwa sababu tu alikuwa ameliona linaandikwa kila siku. Nililibadilisha jioni ile ile, lakini nililala nikijua kwamba na hilo jipya litaonekana.

Niliyokwisha kuyafanya ni haya. Niliweka fprintd, programu ya kusimamia alama za vidole, kutoka kwenye hazina rasmi ya Ubuntu, nikaandika fprintd-enroll, nikajibiwa kwamba hakuna kifaa kilichopatikana. Nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, na humo kifaa kinaonekana wazi kabisa, kikiwa na namba 06cb:009a na jina la Synaptics. Kwa hiyo kipo, kina umeme, na mfumo unakijua kwa jina, ila hauwezi kukitumia. Katika kutafuta nikakutana na mradi wa draiva (programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) unaoitwa python-validity, ambao watu wanasema unafanya kazi na namba hiyo hiyo, lakini haumo katika hazina rasmi, na unaendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Hapo nikasita, kwa sababu kompyuta hii ina madeni ya wateja wetu wote.

Naomba kueleweshwa: inawezekanaje kifaa kionekane na kisifanye kazi, na je, mngekuwa mimi mngeweka draiva hiyo? Tena, baba yangu naye huitumia kompyuta hii jioni. Amekuwa fundi mwashi kwa zaidi ya miaka 30 na saruji imemlamba vidole. Mwaka 2019 tuliposajili laini za simu kwa alama za vidole alirudia kubonyeza mpaka foleni nzima ikawa inamwangalia. Je, kisomaji kidogo namna hii kitamkubali?

---

Fundi_Kigamboni amejibu:

Dada Mhasibu, salaam. Umeuliza vizuri, na kwa kuwa umetaja namba ya kifaa tangu mwanzo umeturahisishia sana, maana hiyo namba ndiyo kila kitu katika suala hili. Nusu ya kwanza, 06cb, humtaja mtengenezaji, na nusu ya pili, 009a, huitaja aina ya kifaa. Mtu akiniuliza kama Linux inakubali visomaji vya alama za vidole, siwezi kumjibu mpaka aniletee namba hizo.

Kuhusu kuonekana bila kufanya kazi: unapochomeka kibodi au kipanya cha USB, kompyuta haihitaji kumjua aliyekitengeneza, kwa sababu watengenezaji wote walikubaliana juu ya lugha moja ya vifaa vya aina hiyo. Kwa visomaji vya alama za vidole hakuna makubaliano kama hayo. Kila kampuni ina lugha yake, na mara nyingi kampuni moja ina lugha tatu au nne kwa vizazi tofauti vya chipu zake. Kiini cha Linux kinaona tu kwamba kuna kitu kwenye waya wa USB chenye namba fulani, kisha kinaishia hapo. Anayepaswa kujua lugha ya kitu hicho ni maktaba ya libfprint, na fprintd ni huduma inayokaa juu yake na kupeleka maombi kutoka kwenye skrini ya kuingilia au kwenye sudo, ile amri ya kuomba mamlaka ya root. Namba yako haimo katika libfprint, kwa hiyo fprintd inakuambia ukweli wake: haina kifaa inachoweza kuzungumza nacho.

Sasa kwa nini haimo? Mradi huu wa fprint ulianzishwa na Daniel Drake mwaka 2007, alipokuwa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, na wakati huo visomaji vingi vilikuwa ni vya kupitisha kidole, vikichukua picha na kuituma yote kwenye kompyuta. Kazi ya kulinganisha ilifanywa na kompyuta yenyewe, kwa programu zilizotolewa bure na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST: moja hutafuta mahali ambapo mistari ya kidole inakatika au kugawanyika, na nyingine hulinganisha ramani mbili za mahali hapo. Ukishajua namna ya kukiomba kifaa picha, kazi kubwa ilikuwa imekwisha, na wajitolea waliweza kunasa mazungumzo ya USB kati ya Windows na kifaa, wakayafumbua taratibu.

Chipu za baadaye zilibadilisha mambo kwa njia mbili. Kwanza, nyingi hulinganisha kidole ndani ya chipu yenyewe na kuiambia kompyuta tu kwamba amepita au hakupita. Pili, mazungumzo yenyewe yakawekewa usimbaji fiche, yaani hayasomeki bila ufunguo wa siri. Kifaa chako ni cha kundi hilo. Asili yake ni kampuni ya Validity, ambayo Synaptics waliinunua mwaka 2013, na ndiyo maana ndugu zake wakubwa wana namba zinazoanza na 138a, kama 138a:0090 na 138a:0097. Synaptics hawakutoa maelezo ya lugha ya kundi hilo. Kwa muda mrefu mwenye 138a:0090 alilazimika kuweka Windows ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, akakianzisha kifaa humo mara moja, kisha akarudi Linux na kutumia draiva ya mjitolea. python-validity ndiyo iliyotuondolea safari hiyo, kwa kuwa inaweza kukianzisha kifaa chenyewe bila Windows.

Kinachoniumiza ni kwamba kampuni hiyo hiyo, kwa chipu zake za kizazi kilichofuata, iliandika draiva yenyewe na kuichangia katika libfprint. Ukinunua ThinkPad ambayo kisomaji chake ni 06cb:00bd, unaweka Ubuntu, unafungua mipangilio, unasajili kidole, basi. Hakuna tofauti ya uwezo wa mfumo kati ya mashine yako na hiyo. Tofauti ni kwamba katika moja mtengenezaji alisema lugha yake, na katika nyingine alinyamaza.

Kwenye swali lako la pili, mimi ningeiweka, tena nimekwisha kuiweka kwenye mashine tatu za T480. Utaondoa fprintd ya kawaida, maana haiwezi kukaa pamoja na ile ya mradi wa python-validity, kisha utaongeza hazina ya mradi huo na kuweka vifurushi vitatu: open-fprintd, fprintd-clients na python3-validity. Wakati wa kuweka, itapakua faili la draiva ya Windows la Lenovo na kutoa fimwea ya chipu (programu inayoendesha chipu yenyewe) iliyomo ndani yake, kwa hiyo hakikisha una intaneti. Kabla ya yote hayo ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, nenda kwenye Security, halafu Fingerprint, na uchague kufuta data za alama za vidole. Chipu iliyokwisha kufungwa na funguo za Windows ya zamani mara nyingi hukataa kuzungumza na mgeni mpaka ifutwe.

Ni kweli inaendeshwa kwa mamlaka ya root na ni kazi ya wajitolea. Lakini msimbo wake ni Python tupu, unasomeka, na umepita mbele ya macho ya watu wengi wenye mashine kama yako.

---

Bi_Vipuri_Mombasa amejibu:

Hamjambo nyote. Mimi ninauza na kutengeneza kompyuta zilizotumika hapa Mombasa, na asilimia kubwa ya wanaoomba Linux kwangu ni wanafunzi na watu wa maduka kama dada yetu. Ninakubaliana na Fundi katika maelezo yake ya sababu, ila ningependa kuongeza jambo moja ambalo kwa mashine ya mtumba ni zito kuliko draiva.

Dada, uliifuta Windows yote, lakini hukufuta chipu. Visomaji vinavyolinganisha ndani kwa ndani vina hifadhi yao wenyewe, na unapobadilisha diski au kuweka mfumo mpya hifadhi hiyo haiguswi. Alama za mwenye mashine wa kwanza, awe ni mfanyakazi wa ofisi ya Ulaya au wa wapi, zinaweza kuwa bado zimo. Haimaanishi kwamba mtu huyo anaweza kuingia kwenye Ubuntu yako, kwa sababu mfumo wako hauna kumbukumbu inayohusisha alama ile na akaunti yoyote. Lakini hifadhi ile ni ndogo na huweza kujaa, na niliwahi kuletewa mashine ambayo ilikataa kusajili kidole cha mteja kwa madai kwamba kidole hicho kimekwisha kusajiliwa. Ulikuwa ni ukweli, kwani yeye mwenyewe alikisajili katika Windows iliyokuwa upande wa pili wa diski. Ile hatua ya BIOS aliyoitaja Fundi, mimi huifanya kwa kila ThinkPad inayoingia dukani kabla haijapata bei, kwa heshima ya aliyeitumia mwanzo na kwa usalama wa atakayeinunua.

La pili nasema kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa wakiwa bado hawajanunua. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba mashine ina kisomaji na kinafanya kazi. Nenda na flashi yenye Ubuntu, iwashe mashine kupitia hiyo flashi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb, kisha tazama namba. Zinazoanza na 06cb ni Synaptics, 27c6 ni Goodix, 04f3 ni Elan, 138a ni Validity, 1c7a ni zile za Egis. Kuona jina la kampuni hakutoshi, kwa sababu kila moja kati ya hizo ina chipu zinazokubalika na zisizokubalika. Linganisha namba nzima na orodha ya vifaa vinavyokubalika ambayo mradi wa libfprint unaichapisha kwenye tovuti yake. Ni kazi ya dakika 5, na muuzaji muungwana hatakukatalia.

Kuna kundi la tatu, nalo ni Dell kadhaa zenye chipu za Goodix. Kwa hizo Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, walitengeneza njia ya pembeni inayoitwa TOD, inayoiwezesha libfprint kupokea draiva iliyofungwa ambayo mtengenezaji hatoi msimbo wake. XPS 13 zilizouzwa na Ubuntu 20.04 zilikuja hivyo. Inafanya kazi, nami nimewawekea wateja, lakini mara mbili nimeona mtu akipanda toleo jipya la Ubuntu na kisomaji kikanyamaza kwa sababu draiva ile haikutengenezwa upya kwa toleo hilo, na hapo hakuna mjitolea anayeweza kumsaidia, kwani hakuna cha kusoma wala kurekebisha. Kwa sababu hiyo natofautiana kidogo na wanaoziweka draiva zote zisizo rasmi katika kapu moja. python-validity si rasmi lakini iko wazi. Ile ya TOD imebarikiwa na mtengenezaji lakini imefungwa. Kwa mtu wa duka anayetaka mashine idumu miaka 5, ningechagua iliyo wazi.

Na kwa wenye ThinkPad mpya kidogo ambazo namba yake imo kwenye orodha lakini bado hazikubali, jaribuni kwanza kusasisha fimwea kwa amri za fwupdmgr refresh, kisha fwupdmgr update. Nilihangaika wiki nzima na X1 Carbon moja kabla ya kutambua kwamba draiva ilikuwepo tangu mwanzo, ila fimwea ndani ya chipu ilikuwa ya zamani mno kwake.

---

Salim_wa_Muscat amejibu:

Assalaam aleikum. Nafanya kazi ya usalama wa mifumo, na nimeguswa na kisa cha yule kijana aliyelitaja nenosiri, kwa sababu kinaonyesha tishio halisi la dada huyu ni lipi. Hatishiwi na mtu mwenye maabara. Anatishiwa na macho ya kaunta. Kwa tishio hilo kidole ni jibu zuri, nami naunga mkono akiweke. Hata hivyo ni lazima ajue mipaka yake, kwa sababu mitatu kati ya hiyo atakutana nayo siku ile ile ya kwanza.

Mpaka wa kwanza ni ule wa diski. Kama uliichagua diski isimbwe wakati wa kuweka Ubuntu, nenosiri la kuifungua litaendelea kuombwa kila unapowasha mashine, na kidole hakitasaidia. Sababu yake ni ya msingi: nenosiri ni maneno ambayo kutokana nayo ufunguo wa kuifungua diski unatengenezwa, ilhali kidole kinatoa jibu la ndiyo au hapana tu, na kutokana na ndiyo huwezi kutengeneza ufunguo. Kama hukuisimba diski, basi kwa kompyuta yenye madeni ya wateja nakusihi uifikirie kwanza hiyo kabla ya kidole, maana mwizi akiichukua mashine hahitaji kupita kwenye skrini ya kuingilia; anatoa diski na kuichomeka kwingine.

Mpaka wa pili unatokana na sababu ile ile. Ukiingia asubuhi kwa kidole, mkoba wa manenosiri wa GNOME, yaani mazingira ya skrini ya Ubuntu, utabaki umefungwa, na mara tu utakapofungua kivinjari au barua pepe litatokea dirisha linaloomba nenosiri. Watu wengi hudhani ni hitilafu. Si hitilafu. Desturi yangu ni kuingia asubuhi kwa nenosiri kabla duka halijafunguliwa, kisha siku nzima kufungua skrini kwa kidole. Kwa dada huyu desturi hiyo inatosha kabisa, kwa sababu nenosiri litaandikwa mara moja tu, bila mtu kuegemea kaunta.

Wa tatu ni sudo. Ukiendesha pam-auth-update, amri ya kuchagua njia za kumthibitisha mtumiaji, na kuweka alama kwenye kidole, sehemu zote zinazotumia utaratibu wa pamoja zitakikubali, pamoja na sudo. Maombi yanakwenda kwa foleni: kwanza mfumo utakungoja uguse, na ukikosea au muda ukipita ndipo utakuomba nenosiri. Katika duka ambalo mtu anaweza kukushika mkono kwa mzaha, au mtoto akagusisha kidole chako ukiwa umesinzia, mimi nisingekipa kidole mamlaka ya kuweka na kuondoa programu. Nakishauri kibaki kwenye skrini tu.

Sasa nirudi kwenye hoja ya Fundi kuhusu kunyamaza kwa watengenezaji, maana wengine hutetea kwamba lugha inafichwa kwa ajili ya usalama. Mwaka 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, kwa maombi ya Microsoft wenyewe, walizipima kompyuta tatu: Dell Inspiron 15 yenye chipu ya Goodix, Lenovo ThinkPad T14 yenye Synaptics, na Surface Pro X ambayo kibodi yake ina Elan. Zote tatu walizipita. Katika ile ya Lenovo, mazungumzo yalikuwa yamesimbwa, lakini ufunguo ulitokana na jina la mashine na namba yake ya utambulisho, vitu ambavyo mara nyingi vimebandikwa chini ya kompyuta yenyewe. Katika ile ya Dell, chipu ilikuwa na hifadhi mbili, moja ya Windows na nyingine ya Linux. Watafiti walisajili kidole chao upande wa Linux kwa utambulisho wa mwenye mashine, kisha wakaidanganya chipu itazame hifadhi ya Linux wakati Windows inauliza. Kuficha lugha hakukuwazuia hata kidogo waliokuwa na nia na muda. Waliozuiwa ni wateja kama dada huyu, waliolipia kifaa na hawawezi kukitumia.

Kuhusu mzee, kwanza mpe shikamoo yangu. Vidole vya waashi huisha mistari kwenye vile vinavyoshika kazi, hasa gumba na cha shahada vya mkono wa kulia. Msajilini vidole viwili au vitatu tofauti, mkianza na vya mkono usiotumika sana. Anawe, ajifute, asubiri kidogo, na ikiwa ngozi imekauka sana apake mafuta kidogo sana kisha ayafute. Wakati wa kusajili asibonyeze mahali pale pale kila mara. Agusishe katikati, kisha ncha, kisha kando, kwa sababu kisomaji ni kidogo na kila mguso kinaona sehemu tu ya kidole. Na awe na akaunti yake mwenyewe. Msisajili kidole chake kwenye akaunti yako.

---

Mhasibu_Moro amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimesubiri hadi Jumapili duka lilipofungwa, nikafanya kama mlivyosema, na ninaandika matokeo ili mwenye T480 atakayefika hapa baadaye ayakute.

Diski yangu haikuwa imesimbwa. Maneno ya ndugu Salim yalinifanya niache kila kitu, nikahamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, na kuiweka Ubuntu upya nikiwa nimeisimba. Hiyo peke yake ilichukua asubuhi nzima. Kisha nikaingia BIOS na kufuta data za vidole kama Bi Vipuri anavyofanya. Nikaongeza hazina ya mradi, nikaweka vile vifurushi vitatu. Jaribio la kwanza la fprintd-enroll lilirudisha kosa refu ambalo sikulielewa. Nikaianzisha upya huduma ya python3-validity kwa systemctl restart, nikajaribu tena, na taa ya kisomaji ikawaka kijani. Sikuwahi kuiona ikiwaka tangu niinunue mashine hii.

Mimi nilisajiliwa mara moja. Baba alipokuja jioni tulianza na kidole cha shahada cha kulia, kikakataliwa mara kwa mara. Gumba, vivyo hivyo. Nikaona uso wake unarudi kuwa ule wa mwaka 2019, nikamwambia tuache. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa mkono wa kushoto, akasema kidole cha pete cha mkono huo hakijawahi kushika mwiko. Kilipita. Tangu juzi anafungua akaunti yake kwa kidole hicho, na kila akikubaliwa anageuka kunitazama.

Kitu kimoja kimebaki. Jumatatu nilifunga kifuniko wakati wa chakula cha mchana, na nilipokifungua kisomaji kilikuwa kimekufa mpaka nikaianzisha tena huduma. Je, nitalazimika kufanya hivyo kila siku?

---

Fundi_Kigamboni amejibu:

Hapana, dada, na samahani kwa kulisahau hilo. Chipu hii hupoteza mazungumzo yake kompyuta inapolala, kwa hiyo kuna huduma mbili ndogo zilizokuja pamoja na open-fprintd kwa ajili ya hilo, lakini haziwashwi zenyewe. Andika sudo systemctl enable open-fprintd-resume open-fprintd-suspend, kisha washa mashine upya, na ujaribu kufunga na kufungua kifuniko mara mbili tatu.

Tena, utakapopanda toleo jipya la Ubuntu, kagua kama fprintd ya kawaida haijarudishwa yenyewe. Ikiwa imerudi, iondoe tu. Vidole vyenu vimo ndani ya chipu na havitapotea.

---

Mhasibu_Moro amejibu:

Nimeziwasha zote mbili, nimekifunga kifuniko mara nne, na taa ya kijani imerudi kila mara. Nimempa mzee salamu za ndugu Salim, naye amesema marahaba.